Talaka, watoto na siku za kuwaona: mwongozo wa msaada wa kisheria kwa watu wa Mwanza na visiwani

"Mayu, hii karatasi mahakama haitaipokea."

Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mara ya kwanza nilimwambia mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Alikuwa amefunga meza yake siku mbili kufuatilia barua ya mchungaji wake: karatasi nzuri, imepigwa chapa, ina muhuri wa kanisa, inaeleza kwamba wanandoa wamekalishwa mara tatu na hawakupatana. Mchungaji alifanya kazi njema. Lakini kanisa lile halikuwa na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa linalotambuliwa kisheria, na bila hati ya Baraza shauri la talaka huondolewa hata kabla hakimu hajasikia kilio chako. Mama yule alianza upya kwenye kata yake.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua: tunaelimisha, tunaelekeza, tunasaidia kuandaa nyaraka, lakini hatusimami mahakamani badala ya mtu. Haya ndiyo ninayomweleza anayekaa mbele yangu, kwa mpangilio uleule ninaoufuata naye.

Kwanza, uko salama?

Kama kuna kipigo au vitisho, habari ya talaka isubiri kidogo. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiwa na jeraha, omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ndipo uende hospitali, na kama hali ni mbaya hospitali itangulie. Tunza nakala, kwa sababu miezi kadhaa baadaye karatasi hiyo itakuwa ushahidi wako wa ukatili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, kwa hiyo usikubali kuambiwa "hayo ni mambo ya ndani". Mtoto akiwa hatarini, namba 116 ni ya simu ya watoto.

Ukiondoka nyumbani usiku, jitahidi kuondoka na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa kama kipo, kadi za kliniki na kitambulisho chako. Vyombo vinaweza kurudiwa baadaye.

Nani atakusaidia bila kukumaliza

Anza na ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri yako, iwe Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa au Ukerewe. Afisa Ustawi wa Jamii anaweza kumwita mzazi mwenzako mkazungumzia matunzo na siku za kuwaona watoto, na makubaliano yakaandikwa. Familia nyingi zinamalizana hapo. Msipopatana, ndiye pia ambaye mahakama humtuma kuchunguza mazingira ya mtoto na kuandika taarifa, kwa hiyo mheshimu na umwambie ukweli tangu siku ya kwanza.

Kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa. Hapa Mwanza shirika la Kivulini limefanya kazi ya kupinga ukatili majumbani kwa zaidi ya miaka 20. Uliza pia kuhusu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023. Wanapokuja wilayani kwenu, peleka nyaraka zako zote, maana ukienda na maneno matupu utarudi na ushauri wa jumla. Mtu asiye na uwezo anaweza kuombewa wakili kwa utaratibu wa sheria ileile ya 2017, na anaweza kuomba asamehewe ada ya mahakama.

Ukiweza kulipa wakili, hakikisha kwanza kwamba ni wakili kweli, mwenye leseni hai ya mwaka huu. Jiepushe na mtu wa kibanda cha kuchapa jirani na mahakama anayejiita "mwanasheria" na kukuahidi talaka ndani ya wiki mbili. Pesa yoyote utakayolipa mahakamani hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na utapata risiti.

Baraza la Usuluhishi wa Ndoa

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna atakayefungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, likashindwa kuwapatanisha na likatoa hati. Baraza lipo ngazi ya kata. Waislamu wana mabaraza ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), na baadhi ya madhehebu ya Kikristo yana mabaraza yanayotambuliwa. Kabla hujapoteza nauli, uliza swali moja tu: "Baraza hili linatambuliwa kisheria kama Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na linatoa hati?" Baraza halali lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kikao cha wazee wa ukoo sebuleni, hata wakiwa kumi na wenye busara zote za Usukumani, hakihesabiki.

Utaeleza malalamiko yako, mwenzako ataitwa kwa barua, mtasikilizwa. Nenda ukiwa na nia ya kweli ya kusikiliza. Nimeona ndoa zikifufuka kwenye benchi la ofisi ya kata. Mkishindwana, Baraza linaandika hati. Isome palepale kabla hujatoka. Iwe na majina yenu sahihi kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, tarehe, saini, muhuri, na maneno yanayosema wazi kwamba Baraza *limeshindwa kuwasuluhisha*. Nimeshika hati zilizoandikwa "tumewaruhusu waachane" au "mume apewe watoto wawili, mke mmoja". Baraza halina mamlaka ya kuvunja ndoa, kugawa mali wala kugawa watoto. Kazi yake ni kupatanisha au kusema imeshindikana, basi.

Hati hiyo ina uhai wa miezi 6 tu. Ukifungua shauri baada ya hapo, itakubidi urudi barazani. Mama mmoja wa Igoma alikaa na hati yake ndani ya Biblia miezi minane akingoja mume abadilike, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba siku zinahesabiwa. Kama hujaamua, subiri kwenda barazani; ukishapata hati, amua mapema.

Je, mwenzako akigoma kuitikia wito? Au ameondoka na hujui aliko, kama wavuvi wanaohama kambi hadi habari zinapotea? Sheria haikufungi. Sharti la Baraza huondolewa kama umetelekezwa na hujui mwenzako alipo, kama anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, kama ameitwa na Baraza akakaidi kwa makusudi, kama anatumikia kifungo cha miaka 5 au zaidi, kama ana ugonjwa wa akili usiotibika, au kama mahakama itaona kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Wito alioukaidi uwe umeandikwa, na Baraza liandike kwamba hakuja.

Neno kwa ndugu Waislamu. Mume akitamka talaka nyumbani, mbele ya dini mna mambo yenu na shehe atawaongoza. Kwa sheria ya nchi, ndoa huvunjwa na mahakama. Utaratibu ni kwamba Baraza lithibitishe limeshindwa, kisha talaka ya Kiislamu itolewe, ndipo mahakama itamke kuwa ndoa imevunjika. Mwanamke aliyeishia kwenye talaka ya mdomo hupata taabu anapodai sehemu yake ya nyumba miaka mitano baadaye.

Kufungua shauri

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Kwa watu wengi ninaowahudumia, Mahakama ya Mwanzo inatosha: iko karibu, ada yake ni ndogo, na karani anaweza kuandika madai yako ukiyaeleza kwa mdomo. Mwanza imebahatika pia kuwa na Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, kimojawapo kati ya sita vilivyozinduliwa nchini mwaka 2021, ambako ngazi kadhaa za mahakama ziko chini ya paa moja. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Usikubali kutiwa hofu kwamba utahojiwa kwa Kiingereza.

Kama ndoa haijatimiza miaka 2, unahitaji kwanza kibali cha mahakama, na utakipata ukionyesha unapata mateso makubwa yasiyo ya kawaida. Kuna pia njia ya kutengana bila talaka kwa amri ya mahakama. Inawafaa wale ambao imani yao haiwaruhusu kuachana lakini hawawezi kuendelea kulala nyumba moja.

Mahakama inataka kuona kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ushahidi unaweza kuwa uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili kwako au kwa watoto, kutelekezwa au kutengana kwa hiari kwa miaka 3 na zaidi, na mengineyo. Leta mashahidi walioyaona mambo hayo kwa macho yao: jirani, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu. Dada yako aliyeko Dar es Salaam uliyemsimulia kwa simu hatasaidia sana.

Kwenye madai yako andika mambo yote matano: talaka, mgawanyo wa mali, mtoto akae na nani, matunzo, na siku za kuwaona watoto. Hilo la tano husahauliwa kila mara. Mtu anatoka na hukumu mkononi kwa furaha, mwezi unaofuata tunamwona tena mlangoni.

Kuhusu mali nitasema kidogo. Kilichochumwa kwa nguvu za pamoja kinagawanywa, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani na malezi zinahesabiwa kuwa mchango. Anayekuambia "hukuweka hata tofali" anakupotosha. Andika orodha ya mali mapema, pamoja na mtumbwi, injini, nyavu na taa za dagaa, kwa kuwa vitu vya ziwani huuzwa usiku mmoja.

Mtoto atakaa na nani

Wazazi wengi wanafika na jibu tayari. Upande wa baba husema: "Ng'ombe walitoka, watoto ni wa ukoo wetu." Upande wa mama husema: "Watoto ni wa mama." Mahakama haianzii kwa mmoja wenu. Inaanzia kwa mtoto. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 125, na Sheria ya Mtoto ya 2009 zote zinaweka ustawi wa mtoto mbele ya yote. Mila za jamii zinaweza kutazamwa, lakini mahari haimnunui mtoto.

Kuna dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake. Ni dhana tu, inaweza kupingwa kwa ushahidi, mathalani kama mama anamwacha mtoto peke yake usiku kucha. Na akifikisha miaka 7 hahamishwi kama mzigo kwa sababu tu amefikisha umri. Mahakama itatazama pia madhara ya kumng'oa alikozoea. Itatazama maoni ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, umuhimu wa ndugu kutotenganishwa, na nani amekuwa akimlea kweli siku hadi siku.

Kwa hiyo usije na sifa za jumla. Njoo na maisha ya mtoto. Nani humwamsha? Nani alisaini ripoti yake ya shule? Kadi ya kliniki ilijazwa na nani akiwepo? Baba anayelea anaweza kuleta hayo sawasawa na mama. Baba mmoja wa Buhongwa alikuja na daftari aliloandika kila dawa ya mwanawe mwenye selimundu, saa na kipimo, kwa miaka miwili. Daftari lile lilisema kuliko mashahidi watatu.

Msifundishe mtoto maneno ya kusema. Maafisa na mahakimu wanayatambua haraka, na mtoto hubeba uchungu wake miaka mingi.

Hamkufunga ndoa? Mlioishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinawafungulia mlango wa kudai mali na matunzo. Na hata kama hamkuwahi kuishi pamoja, mtoto ana haki zilezile chini ya Sheria ya Mtoto. Unaweza kudai matunzo, au siku za kumwona, bila shauri la talaka. Baba akikana mtoto, kipimo cha vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi ya mamlaka kama mahakama au Ustawi wa Jamii. Huwezi kujipeleka mwenyewe ukapimwa.

Siku za kuwaona watoto: andikeni kila kitu

Sehemu hii ndiyo inayoniuma zaidi. Hukumu nyingi huishia na sentensi kama hii: "Mdaiwa atakuwa na haki ya kuwaona watoto katika nyakati zinazofaa." Nyakati zinazofaa kwa nani? Baba anafika Jumamosi saa 4 asubuhi, anaambiwa mtoto yuko kanisani kwaya. Anarudi Jumapili, mtoto kalala. Wiki ya tatu anakuja na hasira. Ndipo simu inapigwa Dawati.

Kabla ya hukumu, peleka mahakamani pendekezo lako mwenyewe, au bora zaidi la pamoja, lililoandikwa hivi:

"Baba atamchukua mtoto nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, saa 10 jioni, na kumrudisha hapohapo Jumapili kabla ya saa 11 jioni. Likizo ya Juni atakaa kwa baba siku 14. Likizo ya Desemba itagawanywa nusu kwa nusu, Krismasi kwa kupokezana mwaka hadi mwaka. Kila Jumatano saa 1 jioni baba atampigia mtoto simu kwa namba ya mama."

Familia ikiwa imegawanyika na maji, ongezeni mengine. Mtoto yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, na mzazi yuko Mwanza mjini: nani analipa nauli ya meli? Nani anasafiri naye, maana mtoto mdogo haachwi peke yake kwenye chombo? Ziwa likichafuka na chombo kisiondoke, siku zile zinafidiwa lini? Andikeni. Sengerema na Geita zimekuwa karibu zaidi tangu daraja la Kigongo–Busisi, lakini Ukerewe na Ukara bado ni safari.

Nilimsaidia baba mmoja mvuvi wa dagaa aliyekuwa kisiwani. Mwenzake alidai kila wikiendi ya pili ya mwezi, naye akakubali kwa haraka ili aonekane mwema. Akashindwa mwezi wa kwanza. Akashindwa wa pili. Mama akaona ni uzembe, mtoto akaanza kuamini baba hamtaki. Tulipokaa naye ndipo tukaelewa: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Wikiendi ya pili ilikuwa inaangukia gizani. Tukaandika upya: wikiendi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu, baba amjulishe mama kwa ujumbe wa simu siku 3 kabla. Mahakama ikapokea makubaliano hayo. Mtoto wa miaka 9 akaanza kuhesabu mwezi angani mwenyewe, akijua baba anakuja lini. Nawaomba mahakimu, maafisa na wazazi: ratiba ifuate riziki ya watu hawa, iwe ni giza la dagaa, zamu za mgodini Geita au siku za gulio.

Pale ambapo kuna historia ya ukatili, usikatae tu kwa mdomo. Omba mahakama iamuru mzazi amwone mtoto mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii au ndugu mliyekubaliana, bila kulala naye. Ukihofia mtoto atavushwa mpaka kwenda Kenya au Uganda, mahakama ina uwezo wa kuzuia asitolewe nchini. Liombe hilo mapema.

Na bibi au shangazi aliyekuwa akimlea mtoto hajasahauliwa. Sheria ya Mtoto inamruhusu ndugu wa namna hiyo kuomba siku za kumwona.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo kwa sababu linaumiza watoto kila wiki: matunzo na kuonana ni vitu viwili. Baba asipotuma pesa, mama asimfiche mtoto. Aende mahakamani kukazia amri, yaani kuomba mahakama ihakikishe inatekelezwa. Mama akimficha mtoto, baba asikate matunzo. Aende kukazia amri yake. Tuma pesa kwa simu na andika maelezo, "matunzo ya Machi", kwa kuwa muamala ni ushahidi. Pesa taslimu uliyompa mtoto mkononi hakuna atakayeithibitisha.

Baada ya hukumu

Omba nakala ya hukumu siku ileile. Kama hukuridhika, muulize karani siku za rufaa zinaishia lini na uandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani; muda huo haumsubiri mtu. Talaka isajiliwe RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), hasa kama unategemea kuoa au kuolewa tena.

Amri ya watoto inaweza kubadilishwa hali ikibadilika: umehamishwa kikazi, mtoto ameanza bweni, mzazi ameugua. Rudi kwenye mahakama iliyotoa amri, eleza kilichobadilika, omba ibadilishwe. Kumhamisha mtoto kimyakimya kwenda Kahama kwa mjomba ni kuvunja amri hata kama nia yako ni njema.

Toa nakala tatu za amri. Moja kaa nayo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, moja mpe mwalimu mkuu wa shule ya mtoto ajue nani anaruhusiwa kumchukua getini, na ya tatu mwachie bibi, au yeyote ambaye mtoto hukabidhiwa mlangoni kwake, ili siku ya zamu isiwe na mabishano mtoto akiwa amesimama na begi lake mgongoni.